Ana leseni ya rubani, lakini hawezi kukupeleka Dar

Siku mpwa wangu aliporudi Nyamanoro kutoka Nairobi akiwa na leseni ya urubani, shangazi yake alikaanga sato wa kutosha nusu ya mtaa. Hata mikono hatujanawa, swali likawa limeshatua: "Sasa baba, bombadia unatupandisha lini twende Dar?" Kijana akacheka kwa aibu. Akaeleza kwamba leseni aliyo nayo haimruhusu kupokea nauli ya abiria hata mmoja, na kwamba bombadia yenyewe, ile ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili, haruhusiwi hata kuishika usukani. Pakawa kimya. Kisha mzee mmoja wa upande wa baba yake akauliza, kwa upole kabisa, wale ng'ombe waliouzwa Magu walikuwa wamenunua kitu gani.

Swali la mzee ni la haki. Sisi wa Mwanza ndege tunaziona kila siku. Ukikaa Pasiansi au ukienda njia ya Igombe zinapita juu ya bati lako, na majina yake tunayajua kama tunavyojua majina ya mabasi. Lakini "leseni ya rubani" tunaitamka kana kwamba ni karatasi moja, ukishaipata umemaliza. Hata vijana wanaoomba ada kwa wazazi wao mara nyingi hawaelezi ni ipi wanayoitafuta, na mzazi hajui aulize nini.

Leseni haisemi unarusha ndege kwa ustadi kiasi gani. Inasema nani anaruhusiwa kukaa nyuma yako, kama amelipa au hajalipa, na kama ubavuni mwako lazima awepo rubani mwingine. Ukiyashika hayo matatu, zile herufi za PPL, CPL na ATPL zinaacha kutisha.

Mpangilio wenyewe haukubuniwa Dar wala Nairobi. Tarehe 7 Desemba 1944 mataifa yalitia saini mjini Chicago mkataba wa usafiri wa anga, na kutokana nao likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha kwanza kabisa cha mkataba huo kinahusu leseni za watu: marubani, mafundi, waongoza ndege. Kila nchi hutunga kanuni zake juu ya msingi huo, na kwetu mwenye kutoa leseni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Nchi ikitaka inaweza kudai zaidi. Hivyo saa nitakazotaja hapa ni zile za msingi wa ICAO, na anayetaka kuanza masomo akaangalie kanuni za nchi atakayosomea.

Aliyonayo mpwa wangu ni leseni ya rubani binafsi, PPL. Umri wa chini ni miaka 17. Anatakiwa awe ameruka saa 40, au 35 kama amesoma kwa mtaala ulioidhinishwa, na kati ya hizo angalau saa 10 awe peke yake ndani ya ndege, mkufunzi amebaki chini akikodoa macho angani. Ndani ya saa hizo za upweke lazima iwepo safari moja ya kilomita 270 au zaidi, yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa mtu wa huku ifikirie hivi: atoke Mwanza atue Bukoba, kilomita zipatazo 170 kwa mstari ulionyooka, kisha ashuke Chato, ndipo arudi nyumbani. Inatosha na kubaki. Ingawa mkufunzi mwenye akili hatamwacha mwanafunzi mwenye injini moja akate katikati ya ziwa. Atamwambia afuate ufuko, safari iwe ndefu lakini nchi kavu iwe karibu.

Akishafaulu mtihani wa darasani na wa angani, anaweza kumpakia shangazi yake kwenye Cessna ndogo akampeleka Musoma kusalimia. Bure. Asilipwe yeye, wala shangazi asilipe. Marekani wanaruhusu rubani wa namna hii kuchangiana gharama na abiria wake, kila mtu fungu lake la mafuta, lakini hata huko faida hairuhusiwi. Ni kama leseni ya gari ya daraja D: nayo ni leseni halali ya dereva, umeipata kwa jasho lako, ila usijaribu kukaa kwenye usukani wa basi la abiria la Dar. Hakuna anayemdharau mwenye daraja D. Tofauti ni kwamba daraja D haiuzi ng'ombe.

Anayetaka kula kwa urubani anahitaji leseni ya biashara, CPL. Umri miaka 18, saa 200 za kuruka, au 150 kwa mtaala ulioidhinishwa. Kati ya zile 200, saa 100 awe yeye ndiye mwenye amri ndani ya ndege. Kwa mtaala ulioidhinishwa zinashuka hadi 70. Safari ndefu nayo inarefuka kuwa kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili. Mwanza, Tabora mpaka Dodoma inavuka kiwango hicho. Kuna saa 10 za kufundishwa kuruka kwa kutazama vifaa peke yake, na saa 5 za usiku. Hapa ndipo fedha zinapokwisha, kwa sababu kutoka saa 40 hadi 200 ni kulipia ndege na mafuta yake saa baada ya saa, kwa dola. Vijana wengi huishia katikati, mwingine ana saa 70, mwingine 110, wakiwa na PPL inayozeeka kabatini.

Sasa tufike mahali ambapo hata watu waliozoea viwanja vya ndege huchanganyikiwa. Nenda Uwanja wa Ndege wa Mwanza asubuhi utaziona Cessna Caravan, zile zenye injini moja puani na mabawa juu, zinazopeleka watalii Serengeti na kisiwani Rubondo. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa hiyo mwenye CPL, akiwa na vibali vinavyotakiwa, anaweza kuwa mkuu wa ndege hiyo, na abiria wamelipa, na kila kitu kikawa halali. Mtu huyohuyo, na leseni hiyohiyo, akihamia kwenye ATR au bombadia, zinazolazimika kuwa na marubani wawili, atakaa kiti cha kulia kama msaidizi. Hajashuka cheo, leseni yake inamruhusu kuwa mkuu pale tu ndege inapohitaji rubani mmoja.

Ndiyo maana napenda kusema kwamba kapteni ni kazi, si leseni. Mistari minne ya mabegani inatolewa na mwajiri. Mamlaka haitoi mistari.

Wa kukaa kushoto, kiti cha mkuu, kwenye ndege ya marubani wawili yenye abiria ni mwenye ATPL, leseni ya juu kabisa. Miaka 21, saa 1,500. Ukizigawa kwa 24 unapata siku 62 na nusu za kuwa hewani bila kushuka, jambo linalosikika dogo mpaka ukumbuke kwamba hata rubani aliyeajiriwa hawezi kujirundikia saa anavyotaka: Marekani kikomo ni saa 1,000 kwa mwaka, Ulaya 900, kwa ajili ya uchovu. Na ndani ya 1,500 kuna mafungu: saa 200 za safari za mbali, 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vifaa. Zile ulizokaa kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, zinahesabika, mwisho 100.

Kati ya 200 na 1,500 kuna jangwa, nalo ndilo linalowavunja moyo wengi. Una leseni ya biashara, lakini nani atakuajiri na saa 200? Wengine wanakuwa wakufunzi, wakijaza saa zao kwa kuwafundisha wanaoanza. Wengine wanabisha hodi kwenye makampuni ya ndege ndogo wapate kiti cha pembeni kwenye Caravan. Hapo kuna mtego ambao sijasikia ukizungumzwa barazani. Kwa kanuni ya ICAO, msaidizi kwenye ndege iliyoidhinishwa kwa rubani mmoja, hata kama nchi imeamuru wawe wawili, huhesabiwa nusu tu ya saa zake kuelekea leseni ya juu zaidi, isipokuwa mamlaka iridhike kwamba ndege ina vifaa vya msaidizi na inaendeshwa kikweli na watu wawili. Msaidizi wa ATR anahesabiwa zote. Vijana wawili wanaamka saa kumi alfajiri sawasawa, wanaruka sawasawa, na mwisho wa mwaka mmoja ana saa 800 na mwenzake, asipoangalia, ana 400.

Kama saa 1,500 zinamfanya mtu kuwa rubani bora, huo ni ubishi wa kweli. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria iliyozaa kanuni kwamba hata msaidizi wa shirika la ndege awe, kwa kawaida, na saa 1,500. Kabla ya hapo saa 250 na leseni ya biashara zilitosha. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 2,000 kila mmoja. Ulaya hawakufuata njia hiyo, na mpaka leo msaidizi mwenye saa 200 hivi hukaa kwenye ndege kubwa kihalali. Mimi naegemea upande wa Ulaya: saa zinazopatikana kwa kuzungukia uwanja uleule siku ya jua hazifundishi mengi. Ila sitabishana na aliyezaliwa Buffalo.

Ipo pia leseni ya nne, MPL, iliyoingia kwenye kanuni mwaka 2006. Mwanafunzi analelewa tangu mwanzo kwa ajili ya ndege ya marubani wawili, saa 240 za angani na za simuleta zikichanganywa. Kichekesho chake ni kwamba mwenye nayo anaweza kuwa msaidizi kwenye Airbus, lakini haruhusiwi kuchukua kijicessna peke yake mpaka atimize masharti ya ziada. Huku kwetu si njia iliyozoeleka, tuiache.

Leseni ikishapatikana, bado haijasema ni ndege gani. Hilo linaandikwa kama kibali cha nyongeza ndani ya leseni yenyewe. Ndege ndogo zinakwenda kwa makundi: injini moja, injini nyingi, za nchi kavu, za majini. Hizi za majini tumezisahau, lakini ziwa letu lilizijua mapema. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London ambayo mwisho wake ulikuwa Mwanza, na sehemu ya njia hiyo ilitumia ndege za kutua majini. Leo rubani aliyezoea kutua kwenye lami ya Mwanza haruhusiwi kutua kwenye Ghuba ya Mwanza mita chache kando, mpaka asomee kundi hilo.

Ndege kubwa zinakwenda kwa aina, moja moja. ATR 42 na 72 ni ndugu wa tumbo moja, kibali kinashirikiana na tofauti zake zinasomewa kidogo. Bombadia ni ukoo mwingine. Mtu mwenye saa 5,000 za ATR akiitwa kurusha bombadia anarudi darasani, anaingia simuleta, anatahiniwa. Hapa ndipo mfano wangu wa leseni ya gari unapokatika, kwa sababu dereva wa Scania hasomi upya kwa sababu tajiri amenunua Yutong.

Kibali ninachokiona cha maana kuliko vyote kwa ukanda huu ni cha kuruka kwa vifaa. Bila hicho rubani anaruka kwa macho: lazima aone mbele yake, akae mbali na mawingu. Anayelijua ziwa anajua ugumu wake. Mchana jua linapasha nchi kavu na radi zinapiga bara. Usiku kucha mpaka alfajiri maji yenye joto yanazihamishia radi zake katikati ya ziwa, ndiyo maana wavuvi wa dagaa wanaogopa saa zile. Hata bila radi, asubuhi yenye ukungu mwepesi maji na mbingu huwa rangi moja, na mpaka wa upeo unapotea. Sikio la binadamu hapo linamdanganya, anadhani ameketi sawa kumbe ndege imelala ubavu. Kibali hiki kinataka saa 40 za kuruka kwa vifaa na saa 50 za safari akiwa mkuu wa ndege, na kinamfundisha mtu kuamini mishale ya vifaa vilivyo mbele yake kuliko tumbo lake mwenyewe. Tangu Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani pale Bukoba na wenzetu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, kila mawingu yakishuka watu wa huku hutazama juu kwa jicho jingine. Si kazi yangu kuhukumu ajali ile. Ila naelewa kwa nini swali la nani anarusha, na ana karatasi gani, si la udadisi mtupu kwetu.

Karatasi ya tatu ni ya daktari. Si daktari yeyote, ni yule aliyeteuliwa na mamlaka kupima marubani. Daraja la kwanza la afya ni la wenye CPL na ATPL, la pili ni la PPL, la tatu ni la waongoza ndege. La kwanza hudumu miezi 12 kwa kawaida, na kwa waliovuka miaka 60 hukatwa hadi sita. La pili kwa kijana chini ya miaka 40 linafika miezi 60. Leseni iwe na saa 10,000, cheti cha afya kikiisha jana leo huruki.

Na hapa niondoe jambo moja linalowakosesha watoto wetu: eti ukivaa miwani huwezi kuwa rubani. Si kweli. Kwa daraja la kwanza kila jicho lifikie 6/9, yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9, na yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Unachotakiwa ni kuivaa, na kuwa na nyingine ya akiba karibu. Rangi ndiyo yenye shida zaidi, kwa sababu taa za uwanja zinasema kwa nyekundu, kijani na nyeupe. Kwa hiyo kabla ya kuuza hata mbuzi, kijana apimwe kwanza daraja la kwanza, hata kama anaanza na PPL. Nimeona familia ikifanya kinyume, ada kwanza, macho baadaye, na sitaki kuona tena.

Kiingereza nacho kinapimwa, kuanzia ngazi ya 1 hadi 6, na wa safari za kimataifa lazima afikie 4. Mwenye 4 hupimwa tena kila miaka mitatu, mwenye 5 kila sita, mwenye 6 ameachwa apumzike. Kanuni hii ilianza kutumika mwaka 2008, nayo ina damu nyuma yake: Machi 27, 1977 ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia kisiwani Tenerife, watu 583 wakafa, na maneno ya redio yaliyoeleweka visivyo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Kuhusu leseni ya nje, ya mpwa wangu imetolewa na mamlaka ya Kenya. Haivuki Namanga yenyewe tu ikawa ya Tanzania. Lazima TCAA iithibitishe au aombe ibadilishwe, na kwa kubadilisha huwa kuna mitihani, hasa wa sheria za anga za nchi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina chombo chao cha kuoanisha kanuni za usalama wa anga, CASSOA, makao yake Entebbe, ng'ambo tu ya ziwa letu. Kuoanisha kunarahisisha. Hakufuti foleni.

Pia si kila rubani ni wa ndege ya mabawa. Helikopta ina leseni zake. Yale maputo yanayopaa alfajiri juu ya Serengeti yana marubani wenye leseni: umri kuanzia 16, saa 16, kupaa mara nane, moja kati ya hizo peke yako. Na droni nazo. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilikuwa ikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara ni mwendo wa saa sita. Aliyekuwa akiiongoza kutoka chini naye ni rubani, na ICAO sasa inayo leseni yake.

Nilimweleza mzee haya yote mkekani, samaki wakapoa. Akasikiliza mpaka mwisho. Mpwa wangu ana saa 61. Kwa njia ya 200 zimebaki 139. Mzee akaomba bei ya saa moja kwa shilingi, akafumba macho akazigeuza kuwa ng'ombe, midomo ikicheza taratibu. Kisha akamgeukia kijana akamuuliza kama zile tano za usiku zina bei yake tofauti.